Ndago ya Mlimani, Chumvi ya Mama

Mama alikuwa amelima na kina shangazi, amezaa watoto na amemzika mume katika boma letu, lakini mpaka mwaka jana hakuwa amewahi kuchoma ndago.

Ndago ninayoizungumzia si ile ya shambani, yenye vitunguu vidogo ardhini na inayotukanwa na kila mwenye jembe. Hii ni nduguye wa mlimani. Nyuma ya boma letu, upande wa Buyangu, kabla hujaufikia mpaka wa msitu, kuna kilima ambacho mawe yake hayakauki. Maji hayatoki hapo kwa kishindo. Yanavuja tu, kiangazi na masika, kama jasho kwenye shingo ya mtu aliyejitwika mzigo. Hapo ndipo inapoota, kwa mafungu manene yanayofika kiunoni. Chukua shina lake ulivingirishe kati ya vidole viwili: litakataa, kwa maana lina pembe tatu. Pitisha kiganja kwenye ukingo wa jani lake, nalo litakukata kama wembe. Ikichanua, vishungi vya hudhurungi huinama kutoka kwenye ncha, na ukungu wa msituni ukishuka asubuhi kila kishungi hushika tone lake la maji na kulishikilia mpaka jua lije kulidai.

Wazee wetu waliichoma kupata chumvi. Unaikata, unaikausha, unaichoma, kisha majivu yake unayatia katika chungu chenye matundu chini na kuyamwagia maji taratibu. Yanayodondoka kwenye sufuria iliyokingwa chini ni maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Tunayaita musherekha. Vijiko vichache ndani ya kunde au mrenda, na mboga iliyokuwa kaidi inalainika, inabaki na ukijani wake, na inapata ladha ambayo chumvi ya dukani haiijui. Siku hizi wengi huchoma maganda ya maharagwe, na hakuna ubaya. Lakini boma letu lilijulikana kwa musherekha wa ndago. Watu walikuwa wakitoka mbali na chupa tupu, wakijifanya wamepita tu kusalimia.

Chungu kilikuwa cha Kukhu, yaani bibi yetu, mama yake baba. Mikono yake ilipoanza kutetemeka kiasi cha kumwaga majivu nje, alitutazama sote Jumapili moja baada ya kanisa, tukiwa tumekaa kwenye veranda, akasema:

"Krismasi hii, watoto wote wakikuja nyumbani, nitapeana hiki chungu. Mwenye ataniletea musherekha mzuri, ni chake."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Sote tulimfikiria shangazi mkubwa, binti yake wa kwanza, aliyeolewa Matete. Yeye ndiye aliyekuwa na ulimi wa kuonja, na yeye ndiye aliyekuwa na haki. Na angekichukua, chungu kingeondoka naye, na chumvi ya boma letu ingekuwa kitu cha kuombwa kwa simu.

Jioni hiyo Mama alikuwa akifumua pindo la sketi ya mteja. Alisema bila kuinua macho, "Nikikosa hicho chungu, nitakuwa mgeni hapa mpaka siku watanizika."

Mama alizaliwa Kakamega mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali. Ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko kwenye baraza la duka moja karibu na soko, na kila asubuhi huondoka kwa bodaboda kabla umande haujaisha. Siku aliyoletwa hapa kama bibi harusi, kina shangazi walipekua mkoba wake na kukuta pakiti za chumvi zimepangwa chini ya nguo. Tangu siku hiyo wakamwita Mke wa Pakiti.

"Nilidhani kijijini chumvi inaishanga," Mama hujitetea mpaka leo, nasi tunacheka mpaka leo.

Mtu wa mbali atashangaa kwa nini hakuuliza tu. Kwetu mkaza mwana haulizi mambo ya jikoni. Kumwuliza mama mkwe namna ya kupika ni kutangaza kwamba miaka yote ulikaa kando ya moto wake ukiwa umefumba macho. Unatazama, basi. Bahati mbaya ya Mama ni kwamba Kukhu alishughulika na ndago mchana, saa ambazo Mama alikuwa mjini akipima watu viuno. Alichokuwa akikikuta jioni ni chungu na matone. Yote yaliyotangulia matone hakuyaona.

Mimi ni mjukuu, na mjukuu hana mwiko huo. Nikajaribu.

"Kukhu, hivi ndago inaandaliwanga namna gani?"

Kukhu alinitazama kwa jicho moja, lile jingine likiwa kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Umetumwa?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi ukitumwa, mwambie aliyekutuma kwamba sijasikia."

Mwezi wa nane shangazi mkubwa alituma habari kwamba anakuja kutuona. Mama akaamua kumpikia. Hakutaka kungoja Krismasi ndipo ajue kama anaweza. Tukapanda kilimani asubuhi, mimi na yeye, na panga na mundu. Alikuwa amevaa kidoleni kile kikofia chake cha chuma anachotumia kusukumia sindano, na bado tulishuka na viganja vilivyochanjwa kama vya watu waliopigana na paka. Tulikata juu ya shina, tukaacha mizizi kwenye tope lake. Mafungu tuliyobeba kichwani yalinuka maji na mawe.

Mama aliyatandaza juu ya paa la jiko, kwenye mabati, mahali anapoanika mahindi. Jua lilikuwa kali, mabati yalikuwa moto, na hata mimi nilidhani hakuna mahali bora zaidi duniani pa kukausha kitu. Kisha tukaenda mjini.

Mvua ya Kakamega ina miadi yake. Asubuhi jua litakuapia kwa miungu yote, na alasiri wingu linatoka upande wa msitu na kumwaga kila kitu. Tulirudi tukakuta ndago imelowa chapachapa, maji ya kahawia yakichuruzika kutoka mabatini.

"Si kitu," Mama alisema, akipanda kwenye stuli kuigeuza. "Kitu kikilowa kinakaukanga tena. Sare za shule mimi nimezianika wiki nzima, na zikavaliwa."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Asubuhi ilikauka, alasiri ikalowa, na Mama akaigeuza. Hatimaye ilikauka kweli, ikawa nyepesi na ya rangi ya majani makuukuu. Aliichoma. Ilishika moto vizuri mno, na majivu yake yalikuwa meupe, laini, mazuri ya kutazamwa. Alimwomba Kukhu chungu, Kukhu akampa. Matone yakaanza kudondoka. Niliona kwamba rangi yake ni hafifu, lakini Mama alikuwa amepiga magoti kando ya chungu na uso wenye matumaini, nikanyamaza.

Shangazi mkubwa alifika na jogoo chini ya kwapa, na sauti yake ilitangulia langoni. Ni mwanamke mpana, mcheshi, mwenye uwezo wa kukukumbatia na kukutukana katika pumzi moja. Ndiye binti mkubwa wa boma, na kwa desturi yetu musherekha mpya huonjwa kwanza na binti mkubwa. Alimimina matone nyuma ya mkono wake, akalamba. Akalamba tena. Akatazama juu kama anayesikiliza kitu kwenye mabati.

"Mulamwa," alisema, kwa maana hivyo ndivyo mawifi wanavyoitana kwetu, "umetupikia mvua."

Jiko zima liliangua kicheko. Binamu yangu mmoja alikuwa amesharekodi. Kabla kuku hajachinjwa, kundi la ukoo la WhatsApp lilikuwa limejaa sauti za watu wakicheka kutoka Nairobi, Eldoret, hadi Mombasa. "Auntie, hiyo ni maji tu imevaa jina," aliandika mmoja. Mwingine akaomba atumiwe lita moja, ana kiu. Hata Kukhu, aliyekaa kwenye kigoda chake akiangalia moto, mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mama aliosha chungu, akakirudisha mahali pake, na akapika zile kunde kwa chumvi ya pakiti. Alipakua obusuma, yaani ugali, kwa watu wote na kuhakikisha shangazi amepata firigisi. Mimi nilitamani mtu mmoja tu aseme neno jema. 

Asubuhi yake ng'ombe wetu mwekundu alikata kamba.

Tulidhani ameingia kwenye mahindi, lakini tulimkuta nyuma ya jiko, ameinamisha kichwa, analamba jiwe. Ni jiwe bapa lililolazwa chini ya ukingo wa paa ili maji ya mvua yasichimbe shimo. Alikuwa akililamba kwa bidii, macho nusu yamefumbwa, ulimi ukikwaruza kama msasa. Mama alimvuta. Ng'ombe akakaza shingo. Akamvuta tena, naye ng'ombe akamtazama kana kwamba amekatizwa katikati ya sala, kisha akarudi kwenye jiwe.

Mama aliiacha kamba ikaanguka. Alitazama jiwe. Akainua macho polepole, yakapita ukutani, mpaka kwenye paa lililokuwa juu ya jiwe, kwenye mabati yale yale ambayo juu yake tulitandaza ndago. Kisha, fundi wa nguo, binti wa mjini, mama yangu mzazi, alipiga magoti kando ya ng'ombe, akagusa pembe ya jiwe kwa kidole, mahali ambapo ulimi ulikuwa haujafika, akakitia mdomoni.

Alicheka kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu baba afariki.

"Chumvi yangu!" alisema. "Chumvi yangu yote imekuliwa na ng'ombe!"

Nilikimbia nikaonja pia. Ilikuwa hafifu, ya mbali, lakini ilikuwepo: ukali ule ule unaouma ncha ya ulimi.

"Unaona?" Mama alinishika mkono. "Mimi nilikuwa nafikiria nguo. Nguo ikilowa inabaki nguo. Hii ikikauka alafu inyeshewe, inapeana kila kitu. Kila siku mvua ilikuwa inanifulia chumvi, na mimi nageuza tu, nageuza!"

"Twende tuwaambie."

"Nyamaza wewe." Alikuwa bado amepiga magoti kwenye tope, uso unang'aa. "Waache wacheke. Wacheke mpaka Desemba."

Nakumbuka miezi iliyofuata kama watu wanavyokumbuka majira ya kupendana. Kila Jumapili baada ya kanisa tulipanda kilimani kuangalia. Mafungu tuliyoyakata yalikuwa yamekaa kama visiki kwa muda, na nilihofu kwamba tumeyaua. Kisha siku moja tukakuta katikati ya kila kisiki vichipukizi vya kijani vimejitokeza, vikali, vyembamba, tayari na pembe zao tatu. Hiyo mizizi inajua kazi yake. Inatambaa chini ya tope, inashikana, inashika kilima kizima kisiteremke, na ukiikata kichwa inajibu kwa vichwa vingi zaidi. Nilimtazama Mama akiinama kuvigusa na nikafikiri: haya, nyinyi wawili mnaelewana.

Mwezi wa kumi na moja ndago ilikuwa imerudi kiunoni. Tuliikata umande ukiwa umeshakauka, na safari hii haikuona paa. Mama alileta kutoka mjini nyaya na vile vibanio vya kuning'inizia magauni ambayo hayajamalizika. Alitandika nyaya ndani ya jiko, chini ya paa, juu kidogo ya mahali moshi unapogeuka, na akaning'iniza ndago vifungu vifungu, vishungi chini, kama maharusi wanaosubiri kuvishwa. Ungeingia jikoni ungelazimika kuinama. Kukhu aliingia, akainama, akatazama juu kwa muda mrefu, akatoka. Siku hiyo alikula sana.

Na kila alasiri mvua ilikuja. Ilipiga mabati kwa ngumi zake zote, na Mama, akiwa nyumbani, aliinua kichwa kutoka kwenye moto na kuiambia, "Pita, mama, pita. Leo hakuna chako hapa."

Alichoma siku moja isiyo na upepo, juu ya kipande cha bati kilichosuguliwa, bila kuni hata moja, ili majivu yasichanganyike. Ndago ilijiunguza yenyewe kwa sauti ndogo ya kukatikakatika. Majivu yalikuwa ya kijivu, mazito kuliko yale ya kwanza. Aliyafunika kwa sufuria kama mtu anayefunika mtoto.

Mkesha wa Krismasi, watoto wa boma wakiwa wamerudi kutoka kila upande, Kukhu alimwazima Mama chungu. Shangazi mkubwa hakukihitaji. Alikuwa ametengeneza musherekha wake huko kwake Matete na kuuleta katika chupa ya soda, akiubeba kifuani kama anayebeba mafuta ya upako. Mama alitandika nyasi kwenye matundu, akatia majivu, akamwagia maji kidogo, akangoja, akamwagia tena. Tone la kwanza lilianguka kwenye sufuria. Lilikuwa karibu jeusi. La pili likalifuata. Nilimtazama Mama, naye hakunitazama.

Jikoni palijaa watu. Kukhu alikaa kwenye kigoda. Shangazi mkubwa alikunja mikono ya gauni lake.

"Haya, tuonje mvua ya Desemba," alisema, na watu wakaanza kucheka mapema.

Alimimina matone ya Mama nyuma ya mkono. Akalamba.

 Alisimama na mkono umeinuka, ulimi umenata kwenye kaakaa, macho yakitoa machozi kidogo, jinsi musherekha wa kweli unavyofanya. Kisha akalamba mkono wote, mpaka kwenye kifundo. Mtu mmoja akafungua ile chupa ya soda ya shangazi ili kulinganisha, akaonja, akaonja wa Mama, akaifunga chupa na kuirudisha mezani kwa heshima, kama anayefunika maiti.

"Mulamwa," shangazi alisema hatimaye. "Nani alikufundisha?"

Mama akafuta mikono kwenye leso yake. "Ng'ombe."

Kila mtu alidhani ni matusi. Nikaona shangazi akivuta pumzi, na jikoni watu wakisogea kidogo kumpa nafasi ya kujibu. Lakini Mama alikuwa ameshaanza kusimulia, kwa mikono na kwa magoti, paa, mvua, jiwe, ulimi unaokwaruza, mpaka akafika mahali alipopiga magoti kando ya ng'ombe na kulamba alichobakishiwa. Hapo jiko lilipasuka. Binamu yangu alianguka juu ya gunia la makaa. Na Kukhu alicheka mpaka akashikwa asianguke kutoka kwenye kigoda, akipiga paja lake kwa ule mkono unaotetemeka.

"Mimi," alisema alipopata pumzi, "mimi ilikuwa mbuzi."

"Nini?" shangazi aligeuka. "Mama, unasema nini?"

"Mimi nilianika juu ya mwamba, nikiwa bibi harusi. Mvua ikanipiga. Mama mkwe alinitemea mate hapo mlangoni, akaniambia nirudi kwetu. Ni mbuzi alinionyesha." Alijifuta macho. "Hakuna mtu alinifundisha. Na nyinyi binti zangu niliwafundisha, mkasahau. Huyu hatasahau."

Aliomba asaidiwe kusimama. Alikichukua chungu kikiwa bado kinadondoka, matone yakimlowesha gauni la Krismasi, akavuka jiko lote kwa hatua zake ndogo, akakiweka mikononi mwa Mama. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa shangazi mkubwa. Kilikuwa kirefu, kikali, kimejaa furaha ambayo hakuna mtu angeweza kuigiza, na wengine wote wakakidaka na kukipeleka nje, uani, hadi kwa majirani, waliotoka kuuliza ni nani amejifungua.

Mama alikiweka chungu juu ya mafiga yake mwenyewe. Alichungulia ndani, akakitikisa kidogo, akageuka.

"Hii haitatosha watu wote," alisema. "Siku ya pili baada ya Krismasi tunapanda kilimani. Wote. Mulamwa, wewe utabeba."

"Mimi? Na haya magoti?"

"Magoti si yalitoka Matete yakafika?"

"Yalikaa kwenye gari, mwanamke!"

"Basi yamepumzika."

Tulipanda. Asubuhi ilikuwa safi na mawe yalikuwa yakivuja kama kawaida yao. Shangazi alikuwa nyuma kabisa, akihema, akilaani kilima, msitu, na kaka yake aliyekwenda kuoa mtu mkali mjini. Mama alikuwa mbele na panga lake, ndago ikimfika kiunoni pande zote mbili, na sauti yake ikitushukia kutoka juu, wazi, ya mwenye mji:

"Kateni juu ya shina! Juu! Atakayegusa mizizi atanijua!"

Na mabinti wote wa boma letu wakainama, wakakata juu ya shina.